Kuondoa Rangi ya Zamani Katika Samani za Mbao: Mwongozo wa Somo la Stadi za Kazi

Utangulizi

Katika shule zetu nyingi hakukosekani kabati, meza au kiti kilichopakwa rangi mara kwa mara hata sura ya mbao yake ikapotea. Chini ya matabaka hayo huenda mna mninga au mvule, mbao zilizo ghali na adimu siku hizi. Kuzirudishia uzuri wake ni bora kuliko kuzitupa. Hata hivyo, mwalimu anayekusudia kuifanya kazi hii kuwa somo hana budi kujiuliza kwanza: ni sehemu ipi ya kazi inayowafaa watoto, na ni ipi isiyowafaa kabisa?

Hatari iliyomo

Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi ili zikauke upesi, zing'ae na zidumu. Risasi ni sumu. Ikiingia mwilini kwa njia ya vumbi, au kwa vidole vinavyotiwa kinywani, hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na madhara yake huweza kuwa ya kudumu. Kwa kiasi kile kile kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Habari hii si ngeni. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 13, uliokataza vijana walio chini ya umri wa miaka 18 kuajiriwa katika kazi za upakaji rangi viwandani zinazotumia risasi nyeupe. Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi katika nyumba, samani na vitu vya kuchezea watoto.

Kwa kuitazama tu, rangi yenye risasi haitambulikani, hupimwa. Kwa hiyo, rangi yoyote ya zamani isiyojulikana asili yake tuihesabu kuwa ina risasi. Ikiwa bado imeshika vizuri na haibanduki, yafaa zaidi kuifunika kwa rangi mpya isiyo na risasi kuliko kuikwarua.

Kazi ya mtu mzima

Kukwarua rangi ni kazi ya fundi au mwalimu, wanafunzi wakiwa mbali. Taratibu zake ni hizi:

1. Kazi ifanyike nje, mbali na madarasa, jiko, kisima na bustani, juu ya turubai au karatasi ya plastiki.
2. Fundi avae glavu na barakoa inayochuja vumbi laini. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.
3. Rangi ilowanishwe kwa maji kidogo kidogo, kisha ikwaruliwe kwa kufuata nyuzi za mbao. Msasa nao utumike ukiwa umeloa, maana msasa mkavu hutawanya vumbi.
4. Moto usitumike kuunguza rangi, kwani joto kali hutoa mvuke wa risasi. Magadi makali ya kiwandani nayo huunguza ngozi na macho, hubadili rangi ya mbao na hulegeza gundi, hayafai shuleni.
5. Mabaki yakusanywe yangali na unyevu, yafungwe vizuri, na maafisa wa afya waulizwe mahali pa kuyatupa. Yasichomwe wala kufukiwa shambani.
6. Samani ioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa kivulini hadi ikauke kabisa. Fundi naye aoge na kubadili nguo kabla ya kula au kuwashika watoto.

Kazi ya wanafunzi

Kuwatenga watoto na vumbi si kuwanyima somo. Wapewe vipande vya mbao mpya visivyowahi kupakwa rangi. Wavisugue kwa msasa Na. 80, kisha Na. 120, mwishowe Na. 180, wakivipapasa kila hatua ili watambue tofauti. Wasugue kipande kimoja kwa kufuata nyuzi na kingine kwa kuzikata, halafu waeleze walichokiona. Waelezwe pia kwamba msasa ni jina la mti, ambao majani yake yenye kukwaruza mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Katika Hesabu, wapime uso wa meza na kukadiria mafuta au vanishi itakayohitajika.

Mwisho, waulizwe kwa nini mwalimu hakuwaruhusu kukwarua ile kabati. Mtoto anayeweza kueleza sababu ataipeleka nyumbani, ambako pengine mzazi anakwarua kitanda cha zamani chumbani.

Zoezi kwa wanachuo

1. Kagua samani tatu za chuo. Ipi ikwaruliwe, ipi ifunikwe kwa rangi mpya, na ipi iachwe? Toa sababu.
2. Andaa somo la dakika 40 kwa Darasa la Sita juu ya matumizi ya msasa. Onyesha waziwazi mahali ambapo kazi ya mwanafunzi inakoma.