Mbolea Iliyonunuliwa Isipotee



Katika milima yetu ya Usambara, kabichi, karoti na viazi hulimwa mabondeni karibu mwaka mzima, na wengi hununua mbolea ya urea. Lakini mara nyingi mkulima huimwaga kwa ukarimu, kisha aona majani ya chini yamegeuka manjano, naye hulalamika: "Wameniuzia chumvi!" Pengine mbolea ilikuwa njema, ila imekwenda zake.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, yaani chakula kilipacho jani ukijani wake. Chakula hiki kina milango mitatu ya kutorokea.

Mlango wa kwanza ni hewa. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu hugeuka mvuke, nao hupaa. Harufu kali ichomayo pua zizini ni mvuke huo huo: ni mali ya mwenye zizi inayoondoka. Basi chimba kishimo kando ya mche, umbali wa upana wa kiganja, utie mbolea na kuifukia kina cha vidole vitatu. Samadi nayo iwekwe kivulini, ifunikwe kwa majani ya migomba.

Mlango wa pili ni chini. Mvua kubwa ya masika, au maji ya mfereji yakizidi, huishusha mbolea pasipofikiwa na mizizi, hata ikaingia katika vijito wanywavyo jirani zetu wa chini. Mche mchanga una kinywa kidogo. Usiupe chakula cha miezi kwa siku moja. Kabichi ipewe nusu majuma mawili au matatu baada ya kupandikizwa, na nusu ianzapo kufunga. Ukiona mvua kubwa yaja, ngoja.

Mlango wa tatu ni mteremko. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1946 ulianzishwa mpango wa kuzuia mmomonyoko huko Mlalo, na watu waliyachukia matuta waliyolazimishwa. Tangu mwaka 1981 mradi wa SECAP ulifundisha Lushoto kupanda miti na majani ya guatemala kuukingama mteremko. Majani hayo huzuia udongo, tena ni chakula cha ng'ombe, naye hurudisha samadi shambani.

Walimu na waonyeshe hayo kwa vitalu viwili vya shule: mbolea kipimo kimoja, kimoja ifukiwe, kimoja iachwe wazi. Mavuno yapimwe na kuandikwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.