Somo: Vitu Vidogo Visivyoonekana Katika Dawa ya Sindano

Unapoitazama chupa ya serumu iliyo safi kama maji ya chemchemi, wasema, "Haina kitu ndani." Lakini jicho halioni yote.

1. Udogo wake. Gawanya milimita moja katika sehemu 1000. Sehemu moja inaitwa mikroni. Unywele mmoja una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 au 8, na mishipa midogo kabisa ya damu ina wembamba kama huo. Basi kipande cha kioo au cha mpira chenye mikroni 25 kikiingia katika mshipa wa mkono, huchukuliwa na damu mpaka mapafuni, na huko huziba njia.

2. Jinsi ya kuvipima. Dawa huchujwa, na vipande vinavyobaki juu ya kichujio huwekwa chini ya mikroskopi, chombo cha kukuza vitu vidogo. Kamera hupiga picha. Picha hiyo imefanywa kwa nukta nyingi sana. Kwanza wapimaji hupiga picha ya rula ndogo ya kioo, wapate kujua mikroni moja ni nukta ngapi. Kisha kompyuta huhesabu nukta za kila kipande, na kutoa urefu na upana wake. Umbo nalo lina habari: uzi ni mrefu, kioo kina pembe, tone la mafuta ni duara. Hivyo hujulikana uchafu umetoka wapi.

3. Sheria yake. Kwa chupa inayopita mililita 100, vitabu vya sheria za dawa vya Marekani na Ulaya, kwa hesabu ya mikroskopi, havikubali zaidi ya vipande 12 vya mikroni 10 au zaidi katika kila mililita, wala zaidi ya 2 vya mikroni 25 au zaidi.

4. Hatari ya kuchanganya. Dawa iliyopimwa vizuri yaweza kuharibika mikononi mwetu. Seftriaksoni ikichanganywa na serumu ya Ringer, yenye kalsiamu, hufanya chembe ngumu. Mwaka 2007 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo, kwa sababu watoto wachanga walikufa, na chembe hizo zilionekana katika mapafu na mafigo yao.

5. Kazi yako. Inua chupa kwenye mwanga. Ukiona ukungu, nyuzi au vipande, usikubali itumiwe. Usinunue chupa iliyofunguliwa. Usichanganye dawa nyumbani. Mwambie mganga dawa zote alizopewa mtoto. Kumwuliza si kumdharau.

Maulizo:
Kwa nini kipande cha mikroni 25 kina hatari?
Rula ya kioo ina kazi gani?
Dawa gani isichanganywe na serumu ya Ringer?