Kwa Nini Injini Hugonga: Maana ya Namba ya Oktani
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku za soko la Tengeru magari madogo ya mizigo huteremka kutoka Akheri yakiwa yamejaa ndizi, na jioni hupanda tena yakiwa na magunia ya pumba na saruji. Mtu akisimama kando ya mlima na kusikiliza, atasikia katika baadhi ya magari hayo mlio mwembamba wa chuma, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Wenye magari huusikia kila siku, lakini wachache wanaojua chanzo chake. Kwa hiyo yafaa tujifunze jambo hili, kwani ni Fizikia na Kemia tunayofundishwa darasani, na kutolijua huwagharimu watu wetu fedha nyingi.

JINSI INJINI INAVYOFANYA KAZI

Twajua kwamba hewa ikibanwa kwa haraka hupata joto. Asiyeamini na ajaze upepo tairi la baiskeli, kisha aguse sehemu ya chini ya pampu. Katika injini ya petroli jambo ni lile lile. Pistoni ikishuka, silinda hujaa hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli. Pistoni ikipanda, huubana mchanganyiko huo. Ikiwa nafasi ya sentimeta za ujazo 500 imebanwa ikawa 50, twasema uwiano wa mbano ni 10 kwa 1. Hapo plagi hutoa cheche. Moto huanzia penye cheche na kusambaa kama moto unaotembea katika majani makavu. Joto huitanua hewa, na hewa huisukuma pistoni chini.

Kazi hiyo hufanyika kwa muda mfupi mno. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ndiyo mara 50 kwa sekunde, na pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo mdogo moto hauna budi kutembea kwa utaratibu.

Sasa tufikirie mchanganyiko ulio mbali na plagi. Moto haujaufikia bado, lakini unabanwa na pande mbili: na pistoni, na pia na hewa ya moto inayotanuka kutoka upande wa plagi. Joto lake huzidi kupanda. Petroli ikiwa ya kustahimili, itangoja mpaka moto uifikie. Isipostahimili, itajilipua yenyewe, yote kwa mara moja. Mlipuko huo hutoa mawimbi yanayozipiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, nasi twasikia mlio wa chuma. Huko ndiko kugonga. Mawimbi hayo pia huiondoa ile tabaka nyembamba ya hewa iliyopoa kidogo ambayo huukinga uso wa chuma, na chuma hupata joto kupita kiasi.

SWALI LA MJOMBA

Mjomba wangu ana gari dogo la mizigo, la zamani, lenye kabureta. Gari hilo ndilo linalolisha nyumba yake na kuninunulia madaftari. Mwaka jana lilikuwa likigonga kila lilipopanda na mzigo. Fundi alipofungua injini, ukingo wa pistoni moja ulikuwa umelika kama gunzi lililotafunwa na panya, na katikati palikuwa na tundu. Gari lilikaa miezi miwili bila kazi, na mkewe akawa anabeba ndizi kichwani mpaka sokoni.

Watu walimshauri mengi. Mmoja alisema anunue petroli ya namba kubwa, kwa kuwa ina nguvu zaidi. Mwingine alisema achanganye mafuta ya taa kidogo ili apunguze gharama. Alipokuja kunitazama shuleni aliniuliza, “Mjomba, wewe unayesoma Kemia, nimsikilize nani?” Hili ndilo jibu nililompa, nami nalieleza hapa kwa kirefu.

NAMBA YA OKTANI

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi vilivyojengwa kwa kaboni na haidrojeni. Viwili kati yake vilichaguliwa kuwa kipimo. Cha kwanza ni heptani, chenye kaboni saba zilizofuatana kwa mstari mmoja. Hiki hujilipua upesi sana, nacho kilipewa namba 0. Cha pili ni isooktani, chenye kaboni nane zilizopangwa kwa matawi. Hiki hustahimili sana, nacho kilipewa namba 100. Kipimo hiki kilibuniwa na mkemia wa Marekani, Graham Edgar, katika miaka ya 1920. Petroli hupimwa katika injini maalumu ambayo mbano wake waweza kubadilishwa wakati inazunguka. Petroli ikigonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 90 za isooktani na sehemu 10 za heptani, namba yake ni 90.

Basi, namba ya oktani ni kipimo cha ustahimilivu wa petroli, wala si kipimo cha nguvu yake. Ushahidi ni ethanoli, yaani ile pombe inayoweza kutengenezwa kwa molasi ya miwa. Namba yake ya oktani inapita 100, lakini lita moja ya ethanoli ina nishati kama theluthi mbili tu ya ile iliyomo katika lita moja ya petroli. Kama namba kubwa ingekuwa ndiyo nguvu, ethanoli ingeishinda petroli.

Injini yenye mbano mkubwa, au yenye tabo, huhitaji namba kubwa kwa sababu humo mna joto na mgandamizo zaidi. Injini yenye mbano mdogo iliyotengenezwa kwa namba ya kawaida haipati faida ikipewa namba kubwa. Mwenye gari hutoa fedha zake bure.

MAFUTA YA TAA NI ADUI

Molekuli za mafuta ya taa ni ndefu, na nyingi zimenyooka kama heptani. Namba yake ya oktani ni ndogo sana, na yakichanganywa na petroli huishusha namba ya mchanganyiko wote. Hata uchunguzi mkubwa wa jambo hili ulianzia katika mafuta ya taa. Huko Dayton, Marekani, kampuni ya Charles Kettering iliuza mitambo midogo ya kuwasha taa za mashambani iliyotumia mafuta ya taa, nayo ilikuwa ikigonga. Mwaka 1916 msaidizi wake Thomas Midgley alianza kutafuta sababu. Mwezi Desemba 1921 aligundua kwamba kiasi kidogo cha kiungo chenye madini ya risasi huzuia kugonga.

Dawa hiyo iliponya injini ikaumiza watu, kwani risasi ni sumu, na hudhuru zaidi ubongo wa watoto. Mwaka 1924 wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza huko New Jersey walikufa. Hata hivyo iliendelea kuuzwa duniani kwa miaka mingi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021, na habari hiyo ilitangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Siku hizi viwanda hupata namba ya kutosha kwa kuzipanga upya molekuli zenyewe na kwa kuongeza vitu vingine.

Hapa Tanzania, uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa wakati bei yake ilipokuwa chini sana kuliko ya petroli. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta yanayouzwa nchini. Petroli ikichanganywa na mafuta yasiyotiwa vinasaba, kiasi cha vinasaba hupungua, na mkaguzi akipima atajua. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tamaa ya kuchanganya ipungue.

MWINUKO WA MERU

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga. Silinda ya gari la kabureta hupata hewa kidogo zaidi, mgandamizo ndani yake huwa mdogo, na kugonga hupungua. Gari lililonyamaza Akheri laweza kugonga likifika Tanga. Kinyume chake, gari la kawaida likigonga hata huku juu, mwenyewe atafute kasoro kwa bidii, kwa sababu mwinuko ulikwisha kumsaidia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba. Fundi alirekebisha wakati wa cheche, ambao ulikuwa wa mapema mno, na mjomba akaacha kununua petroli ya chupa iliyouzwa njiani. Mlio ukaisha. Kwa kuwa mambo mawili yalibadilishwa pamoja, jaribio hilo halionyeshi lipi lilileta nafuu. Katika maabara tungebadili moja moja. Lakini gari linapanda na mzigo wake kimya, wala hakuhitaji petroli ya bei kubwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Soma kitabu cha gari au kibandiko kilicho kwenye kifuniko cha tangi. Magari mengi yetu yalitoka Japani. Huko petroli ya kawaida haipungui namba 89, na ile ya juu, inayoitwa “haioku”, haipungui 96. Kitabu cha Kimarekani hutumia hesabu nyingine: 87 yao ni karibu sawa na 91 au 92 ya kwetu.

2. Gari likigonga mlimani, punguza mafuta na uingize gia ndogo. Mlio ukikoma, huenda ni petroli, joto au wakati wa cheche. Ukiendelea hata bila mzigo, tena mzito, basi huenda ni beringi, na petroli ya namba yoyote haitaiponya.

3. Magari mapya yana sensa inayosikia kugonga, na kompyuta huichelewesha cheche. Dereva hasikii kitu, ila nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi.

4. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka upesi bila kuacha doa la mafuta. Doa likibaki, shuku. Fanya hivyo mbali na moto.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kwa nini injini ya dizeli hutaka mafuta yanayojiwasha upesi, na ya petroli hutaka yasiyojiwasha?

(b) Injini huzunguka mara 4,500 kwa dakika. Pistoni hushuka kwa muda gani?

(c) Jirani yako ana pikipiki ya mbano mdogo, na anataka petroli ya namba kubwa kuliko zote. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?