Somo la Tawi: Kutunza Kumbukumbu za Ofisi Katika Sanduku la Diski



Mwenzetu akiachishwa kazi baada ya miaka 20 shambani, huulizwa kwanza ushahidi: aliajiriwa lini, kwa mshahara gani, kwa mkataba upi? Ikiwa karatasi zake zimeliwa na mchwa, hukimbilia tawini. Na ikiwa tawi liliweka kila kitu katika kompyuta moja ya katibu, nayo imekufa, haki yake imo hatarini. Kwa hiyo leo tujifunze kutumia sanduku la diski la ofisi.

Sanduku hili ni kompyuta ndogo isiyo na kioo, yenye nafasi ya diski mbili au zaidi. Huunganishwa kwa waya na ruta ya ofisi, na kompyuta zote za ofisi husoma na kuandika humo. Intaneti ikikatika, kazi ya ofisini haisimami.

Kwanza, tutie diski mbili za ukubwa mmoja, tuzipange ziwe pacha: kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye nyingine. Diski mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 4, si 8. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi mpaka tubadili iliyokufa.

Pili, tubadili neno la siri lililowekwa kiwandani. Kila kiongozi awe na lake. Hesabu za ada aandike mweka hazina, wengine wasome tu. Malalamiko ya wanachama yasifunguliwe na kila mtu, maana yakimfikia mwajiri kwa mlango wa nyuma, mwenzetu ataumia.

Tatu, tusilifungulie sanduku njia ya kufikiwa kutoka nje kwa intaneti. Mwaka 2022 wahalifu waliotumia programu iitwayo Deadbolt walifunga mafaili katika maelfu ya masanduku ya namna hii, kisha wakadai fedha ili wayafungue.

Nne, tuweke betri ya akiba. Umeme ukikatika ghafla wakati sanduku linaandika, mafaili yaweza kuharibika.

Hata hivyo, tusidanganyike: diski pacha si nakala ya akiba. Faili likifutwa, hufutika kwenye diski zote mbili. Mwizi akibeba sanduku, amezibeba zote. Kanuni ni hii: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya ofisi. Kila wiki tunakili kumbukumbu kwenye diski ya kubebeka iliyofungwa kwa neno la siri, kisha tuichomoe na kuihifadhi mahali pengine. Na kila mwezi tujaribu kurudisha faili moja. Nakala isiyojaribiwa haitegemeki.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Ni kumbukumbu zipi zetu ambazo zikipotea haziwezi kuandikwa upya?

2. Ofisi ikiungua usiku huu, kesho tutabaki na nini?

3. Nani atatunza diski ya nje, na nani atamkagua?