SOMO LA USALAMA: MLIO WA KWANZA NI ONYO

Tarehe 7 Agosti, 1998, ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulishambuliwa. Mlinzi alikataa kuwafungulia washambuliaji kizuizi cha nyuma. Wakarusha bomu la mkono. Watu wa majengo ya jirani, waliposikia mlio huo, walikimbilia madirishani kutazama. Punde likalipuka bomu kubwa, na vioo vikawapofusha wengi. Waliofariki walizidi 200. Dar es Salaam, siku hiyo hiyo, 11.

Kwa hiyo watumishi wa masoko, vivuko na viwanja, tangu Unguja hata Kiriba, Musoma, wafundishwe haya: wasikiapo mlio, wajiepushe na madirisha na kulala chini, kisha wawaongoze wananchi kwenye mlango ulio mbali na hatari. Mzigo usio na mwenyewe usiguswe, Polisi waarifiwe. Tahadhari kabla ya hatari.