Muunganisho Mmoja, Kompyuta Kadhaa
Kwa kawaida, mtoa huduma wa intaneti ya waya huipa nyumba anwani moja tu ya mtandao. Swichi pekee, basi, haitoshi. Panahitajika ruta, inayozihudumia kompyuta zote kupitia anwani hiyo. Usikimbilie kununua: kifaa ulichofungiwa mara nyingi huwa na ruta ndani yake, pamoja na matundu kadhaa ya waya.

Kasi nayo hugawanywa. Kompyuta nne zikipakua kwa pamoja kwenye kifurushi cha Mbps 20, kila moja hubakiwa na takriban Mbps 5. Kabla ya kukubali kuuziwa kifurushi ghali zaidi, tunakushauri uache kompyuta moja tu iliyounganishwa kwa waya, upime kasi, kisha uandike saa na kipimo. Kikiwa chini mno kwa siku kadhaa mfululizo, mpelekee mtoa huduma malalamiko yako pamoja na kumbukumbu hizo.