Hesabu mabawa kwanza: jinsi ya kumtambua nzi halisi

Mdudu akitua mbele yako, usianze na rangi. Hesabu mabawa. Nzi halisi ana mabawa mawili tu. Nyuki, nyigu, kipepeo, kereng'ende na kumbikumbi wana manne.

Angalia vizuri, maana nyuki anaweza kukuchanganya. Bawa lake la nyuma limeshikizwa kwenye la mbele kwa vikulabu vidogo mno, hivyo ukitazama harakaharaka utaona mawili. Tafuta ushahidi mwingine nyuma ya mabawa. Pale nzi ana vijiti viwili vifupi vyenye kichwa cha mviringo, mfano wa njiti ya kiberiti. Vinaitwa halteri. Humsaidia kujua anapoyumba hewani. Ukiviona, umemaliza: huyo ni nzi.

Kujifunza kuona halteri, nzi wa jikoni hafai, kwa sababu zake zimefichwa na kigozi cheupe. Tumia yule mdudu mwenye miguu mirefu myembamba anayeingia ndani wakati wa mvua, ambaye wengi humdhania mbu mkubwa. Haumi, hutulia ukutani, na halteri zake zinaonekana hata kwa macho matupu.

Majina ya shambani usiyategemee. Nzi mweupe anayeeneza batobato ya mihogo ana mabawa manne na ni ndugu wa vidukari. Mbu, kwa upande mwingine, ni nzi halisi kabisa.

Sasa twende kwenye maua, maana hapo ndipo wanaoanza hukosea sana. Kuna nzi wa maua waliovaa mistari ya njano na nyeusi ili ndege wawaogope kama nyigu. Wengine wana manyoya na rangi ya nyuki wa asali. Hawana mwiba hata kidogo. Angalia vipapasio: vya nyuki ni virefu na vina kiwiko, vya nzi wa maua ni vifupi sana, karibu havionekani. Angalia macho: ya nzi ni makubwa, na kwa madume wengi yanagusana juu ya kichwa. Kisha tazama anavyoruka. Nzi wa maua husimama hewani palepale, akachepuka ghafla, akasimama tena. Ila kama bado una shaka, usimshike. Nyigu hajali kama unajifunza.

Ndorobo, au mbung'o, ni rahisi kuliko unavyodhani. Akitua, hulaza bawa moja juu ya jingine hadi yafunikane kabisa, na mdomo wake umenyooka mbele. Pange anayesumbua ng'ombe huacha mabawa wazi kidogo, na macho yake mara nyingi yana mistari inayong'aa. Ukienda mbugani kuwatafuta, usivae bluu wala nyeusi. Rangi hizo huwavutia ndorobo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi.

Ukiwa Mwanza au Kisumu utaona makundi ya vijidudu yakitanda juu ya ziwa mithili ya moshi. Wengi wanafanana na mbu. Tazama mdomo: mbu ana mrija mrefu, hawa hawana. Hao pia ni nzi halisi, na hawaumi.

Picha nzuri inataka mdudu aliyetulia. Toka asubuhi mapema, kabla jua halijawapa nguvu. Piga picha tatu: moja kutoka juu mabawa yakionekana, moja ya ubavu, moja ya uso. Ya uso watu huisahau, wakati vipapasio ndivyo vinavyosema mengi. Aliyetua kwenye kioo cha dirisha ni bahati, kwa sababu unaweza kumpiga hata tumboni ukiwa upande wa pili. Asiyetulia, mfunike kwa glasi, mweke kwenye friji dakika chache, mpige picha, mwachie.

Andika tarehe, mahali, na alichokuwa amekalia: ua gani, kinyesi, mzoga, embe lililooza. Habari hiyo mara nyingi husaidia kuliko picha yenyewe.

Kisha pakia picha kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe. Usikimbilie jina la spishi. Spishi za nzi zilizokwisha kupewa majina duniani zinazidi 150,000, na nyingi hazitofautishwi bila hadubini. Andika familia tu: nzi wa maua, pange, mbu. Kama hata familia huna hakika nayo, andika Diptera, jina la kisayansi la nzi wote, uwaachie wenye uzoefu wamalizie.